Mhariri Aliyesahau Kufunga

Hakuwa mtu wa kufunga vitu. Chupa ya chai aliiacha wazi mezani mpaka chai ikapoa. Mwavuli ulibaki umetanuka kwenye kona ya ofisi hata siku za jua. Simu akishamaliza kuongea aliiweka chini bila kuikata, kwa hiyo aliyempigia aliendelea kusikia habari zetu za ofisini, za nani kachelewa na nani kagombana na mkewe. Sisi wa redio tulimwita Mhariri. Mimi nikiwa naye uso kwa uso nilimwita Mama, naye aliniita binti, miaka yote ile, hata nilipokuwa nimeshaolewa.

Redio yetu ilikuwa vyumba vitatu nyuma ya duka la mbao mjini Gitega, si mbali na mtaa wa Yoba nilikozaliwa. Kipindi kilichosikilizwa kuliko vyote hakikuwa cha muziki wala cha mpira. Kilikuwa cha matangazo ya watu wanaotafutana. Miaka ya kukimbia vita na miaka ya kurudi ilikuwa imewatawanya watu: huyu alikulia Tanzania, yule alibaki kilimani kwao, mwingine aliokotwa njiani akalelewa na watu wengine kwa jina jingine. Walikuja ofisini kwa miguu kutoka Bugendana, au walipiga simu kutoka Muyinga, wakaeleza wanamtafuta nani. Mhariri ndiye aliyewasikiliza, akaandika, akampa mtangazaji asome. Sauti yake mwenyewe haikuwahi kupita hewani. Alisema ni sauti ya kuitia mbuzi.

Jinsi alivyoandika ndiyo iliyonileta kwake. Zamani mtangazaji alikuwa akichanganya mambo, anasoma jina la kilima, ambacho kwetu ndicho kijiji, kama jina la mtu, au anamtangaza anayetafuta kana kwamba ndiye aliyepotea. Siku moja alitangaza kwamba amepotea mama mmoja mwenye wajukuu, na mama mwenyewe alikuwa amekaa nyumbani anasikiliza. Majirani walikwenda kumpa pole. Baada ya hapo Mhariri akabuni alama zake. Kabla ya jina la anayetafuta aliandika [mtafutaji], na baada yake [/mtafutaji]. Anayetafutwa aliwekewa zake, kilima zake, na tangazo zima lilifunguliwa na kufungwa kwa alama ya tangazo. Kile kimstari kilichoinama ndicho kilichomwambia msomaji kwamba hapa pameisha. Humo katikati aliyaacha maneno ya mtu yatiririke kama alivyoyasema, bila alama yoyote: alipenda utando wa maziwa, aliogopa mvua ya radi, tulikuwa tunamwita Kadogo.

Nilipomaliza masomo ya kompyuta, redio iliniita nifanye kazi moja. Matangazo yale yalikuwa yamelundikana kwenye faili moja refu, moja chini ya jingine. Nilitakiwa kuandika programu ya kuyasoma, kutenganisha maneno na alama, na kuyapanga kwenye jedwali: mtafutaji kwenye safu yake, mtafutwa kwenye safu yake, kilima kwenye safu yake. Hapo ndipo tungeweza kuona kama anayetafutwa na huyu wa Gitega ndiye yule anayejitafutia ndugu kutoka Muyinga. Watu wawili wangeweza kutafutana kupitia redio moja kwa miaka bila kukutana, kwa sababu hakuna kichwa kinachoweza kukumbuka matangazo yote.

Programu ya kwanza nilimwonyesha kwa majivuno. Jedwali lilikuwa safi kama meza ya mgeni. Alilitazama akiteremka kwa kidole kwenye kioo, akiacha alama za mafuta ya parachichi alilokuwa anakula kwa chumvi.

"Kulikuwa na mtoto aliyekuwa anapiga mluzi," akasema. "Ameenda wapi?"

"Mluzi haiko na alama, Mama. Programu iko inachukua tu yenye viko ndani ya alama."

"Kwanza, mluzi *hauna* alama. Pili, programu yako ina haraka. Ndani ya alama utajua mtu anaitwa nani. Alivyo utamjulia huko nje. Mama akija hapa hatauliza safu ya tatu. Atauliza, huyo mtoto anapiga mluzi?"

Nikarudi mezani, nikatengeneza safu nyingine ya kuhifadhi kila neno lililobaki nje. Niliipa jina la mengineyo. Yeye akaibadilisha jina: mazungumzo.

Kiswahili chetu cha Gitega kilimkera. Yeye alikuwa amekulia Tanzania, na Kiswahili chake kilikuja kimenyooka kama shati lililotoka kupigwa pasi. "Iko ni ya kitu, binti, tena si kila kitu," alikuwa akisema. "Mtu *yuko*." Mlinzi wetu, mzee mmoja mcheshi aliyezaliwa hapa hapa mjini, alikuwa akimchokoza makusudi kila asubuhi: "Madame, mkubwa iko bureau, kwa ofisi yake, iko anakungoja." Naye kila asubuhi alimsahihisha, na kila asubuhi mlinzi alimshukuru kwa heshima zote, kesho yake akarudia vile vile. Nadhani wote wawili waliufurahia mchezo huo.

Lakini upande wa Kirundi alikuwa mwanafunzi. Alikisema kwa lafudhi ya huko alikolelewa, na wakulima waliokuja ofisini walikuwa wakitazamana pembeni. Aliniambia mara moja, bila huzuni, "Nilirudi na Kiswahili kizima na Kirundi nusu. Kule waliniita Mrundi, hapa wakaniita Mtanzania. Nikaona heri nifanye kazi ya kuandika. Karatasi haina lafudhi." Hata hivyo alipofurahi sana au alipokasirika sana, ni Kirundi kilichotoka, hicho hicho nusu, na hakikuhitaji nusu nyingine.

Alikuwa mlokole, asubuhi akiimba nyimbo za kanisani puani. Mwezi wa Ramadhani alikuwa akibeba chupa yake ya chai na kwenda kunywea uani, nyuma ya mbao, ili mimi niliyefunga nisisikie harufu. Nilimwambia hainisumbui. Akasema, "Najua. Mimi inanisumbua." Lakini mtu huyo huyo aliweza kukuambia mbele ya wageni kwamba kazi yako ni ya mtu mvivu. Sifa alizitoa kwa nadra, na akizitoa aliziharibu. "Leo umefanya vizuri, sijui umekula nini." Kuomba radhi ndiko asikokujua kabisa. Akikukosea, kesho yake alikuletea mhindi wa kuchoma, akauweka mezani kwako bila neno. Ukiula, yamekwisha.

Sasa niseme habari ya Bugendana, kwa sababu ndiyo inayonijia kila nikimfikiria.

Programu yangu ilikuwa kali. Ikikuta alama imefunguliwa na haikufungwa, ililikataa tangazo zima, nalo halikusomwa hewani, maana mtangazaji sasa alisomea kwenye jedwali. Na kwa kuwa aliyeandika ni yeye, yaliyokataliwa yalikuwa mengi. Jambo hilo lilimuuma.

"Mtu ametembea kutoka mlimani kwa miguu yake," akasema, "amelia hapa mbele yangu, halafu mashine inamrudisha kwa sababu mimi nimesahau kimstari? Hapana. Ilegeze."

"Ikikosa alama ya kufunga, ifanye nini?"

"Iendelee kusoma mpaka ikute inayofunga. Si itaikuta tu mbele?"

Nikailegeza. Matangazo yote yakaingia kwenye jedwali, hata moja halikubaki nje. Siku hiyo aliimba mpaka mtangazaji akamwomba apunguze sauti.

Miongoni mwa yaliyoingia lilikuwamo la mama mmoja wa Bugendana, mkulima, mjane. Alikuwa akimtafuta mwanawe wa kiume aliyepoteana naye njiani mtoto akiwa mdogo, watu wakikimbilia Tanzania. Kwenye jedwali mstari wake ulikuwa umejaa kuliko mingine. Ulisema mtoto aliokotwa, akalelewa kambini na watu wengine, wakampa jina jingine, ana kovu chini ya sikio, na sasa anaishi Buhinyuza, huko Muyinga karibu na mpaka. Hata namba ya simu ilikuwepo. Tulishangaa jinsi ilivyotupita. Mhariri akapiga simu hapo hapo.

Mwanamume aliyeipokea alisema ndiyo, aliokotwa. Ndiyo, jina alilonalo si alilopewa na mama yake. Jina la mama halijui, alikuwa mdogo mno. "Una kovu?" Mhariri akamuuliza. Akajibu, "Ninalo, chini ya sikio." Mhariri akaweka simu mezani, kama kawaida bila kuikata, akafunika uso kwa kitenge. Yule mtu wa Buhinyuza alimsikia akilia.

Juma lililofuata tulikwenda Bugendana, mimi na Mhariri, na yule mwanamume akaja na mkewe. Walikuwa wamepanda basi kutoka Muyinga hadi Gitega, na kutoka barabarani tukapanda mlima sote kwa miguu katikati ya migomba. Mhariri alitangulia. Siku zote aliyalalamikia magoti yake, lakini siku hiyo sikusikia kitu. Nyumbani kwa yule mama tulikuta majirani wamejaa uani. Sufuria za maharage na ndizi zilikuwa jikoni tayari, na mtungi wa pombe ya ndizi umewekewa mirija.

Mama alikuwa mdogo wa umbo, amevaa nguo ya kanisani. Hakukimbia wala hakupiga kelele. Alimshika yule mwanamume mabega, akamtazama, akamketisha mkekani. Mke wa yule mwanamume akapiga magoti, akasalimia. Kisha mama akasema kwa Kirundi, kwa sauti ya chini, "Nipe mkono wa kushoto."

Mwanamume akautoa. Mama akaufungua, akakigeuza kiganja kwenye mwanga, akakipitisha kidole gumba kutoka mwisho huu hadi mwisho ule. Baadaye tulijua jambo ambalo halikuwamo kwenye tangazo, kwamba mwanawe aliungua, alishika kaa la moto alipokuwa anatambaa, na kiganja chake kilikunjamana. Wakati ule tuliona tu kwamba anakipapasa, na kwamba haachi. Majirani wakasogea karibu.

"Huyu ni mtoto mzuri," mama akasema. "Lakini si wangu."

Mtu mmoja akasema pengine kovu la kiganja limefutika kwa miaka. Mama akatikisa kichwa. Alikuwa bado ameushika mkono ule.

Mhariri akanigeukia. Nikaelewa. Nikafungua kompyuta niliyokuja nayo pale pale kwenye ngazi ya nyumba, nikatafuta si jedwali bali lile faili refu lenyewe, maneno kama alivyoyaandika kwa vidole vyake viwili. Tangazo la mama wa Bugendana lilikuwepo. Lilifunguliwa, likaeleza habari ya njia na ya mtoto, halafu halikufungwa. Chini yake likafuata la mtu mwingine kabisa: kijana aliyeokotwa, aliyelelewa kambini, mwenye kovu chini ya sikio, wa Buhinyuza, anayemtafuta mama yake asiyemjua jina. Programu haikuona mwisho, ikaendelea kusoma kama ilivyoagizwa, ikawafanya watu wawili kuwa habari moja. Tulipompigia simu na kumuuliza kuhusu kovu, alikubali, na angekataaje? Maneno yale yalikuwa yake tangu mwanzo.

Nilimwonyesha. Akasoma. Nilidhani atatafuta namna ya kulisema jambo hilo kwa upole, baadaye, pembeni. Aliinuka, akaenda hadi kwenye ule mkeka, akapiga magoti kwenye udongo kwa shida, kwa sababu ya magoti yake. Akaongea Kirundi chake cha nusu.

"Mnisamehe," akasema. "Kosa ni langu mimi, si la huyu binti wala si la mashine. Mama, ulinipa maneno yako, na wewe kaka ulinipa yako. Nilipoandika ya mama sikuyafunga. Yakamwagika kwenye ya kaka. Mimi ndiye niliyewaleta hapa."

Sikuwahi kumsikia akisema hivyo, kabla wala baada. Hakuna aliyecheka lafudhi yake.

Mama akauachia ule mkono. Akainuka, akaingia jikoni, akakaa huko muda mrefu. Tulisikia tu kuni zikivunjwa. Yule mwanamume alikuwa anatazama chini. Kisha akasema kwa Kiswahili, akimwambia Mhariri taratibu kama mtu anayepiga hesabu kichwani, "Kwa hiyo tangazo langu halijasomwa."

Mhariri alikuwa bado amepiga magoti.

"Nimekuwa nikisikiliza kila juma," akasema. "Nikafikiri limesomwa nikiwa shambani."

Mama akatoka na sahani. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini inaweza kuwa moshi. Akampakulia yule mwanamume kwanza, kisha mkewe. "Kuleni," akasema. "Mmetoka mbali, na chakula kimepikwa." Tukala. Kilikuwa chakula kizuri na hakuna aliyekimaliza. Tulipoondoka aliwapa yule mwanamume na mkewe mkungu wa ndizi, kama unavyomsindikiza mgeni, akatufikisha mwisho wa shamba lake, akarudi. Hakumtazama Mhariri, na Mhariri hakumlaumu kwa hilo.

Siku mbili hakuja kazini. Siku ya tatu nilimkuta ofisini kabla yangu, ameketi na lile faili tangu mwanzo, anasoma kila tangazo kwa sauti, na mahali palipokosa alama anapiga kidole mezani. "Andika upya hiyo programu yako," akaniambia. "Isikatae mtu. Na isibahatishe. Ikikuta pasipofungwa, iweke pembeni, ituite sisi tuje tusome. Mashine iulize. Kuuliza si aibu."

Ndivyo nilivyoifanya, na mpaka leo ndivyo inavyofanya kazi. Yaliyowekwa pembeni tuliyasoma pamoja, mimi na yeye, miezi na miezi, huku mvua ikipiga mabati. Ilikuwa kazi ya kuchosha, nami sijawahi kufurahia kazi nyingine kama ile. Alikuwa akiwakumbuka: huyu alikuja na kuku kwapani, huyu alisema uongo kuhusu umri wake, huyu alicheka muda wote kisha akalia mlangoni. Wakati mwingine nilimwacha aendelee kusimulia hata kama alama nilishaiona inapotakiwa.

Tangazo la yule mwanamume lilisomwa juma lile lile, na juma lililofuata, na lililofuata. Baada ya kitambo alijitokeza mama mmoja wa Muyinga mjini, dada mdogo wa mama wa yule mwanamume. Mama mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki. Alimpata shangazi... nakosea, Mhariri angenisahihisha: dada wa mama si shangazi, ni mama mdogo. Alimpata mama mdogo, na jina la mama yake, na jina alilopewa yeye alipozaliwa. Mwana wa yule mama wa Bugendana hatukumpata. Mhariri alikuwa akienda kumwona yule mama, peke yake, nadhani mara nyingi kuliko alivyosema. Mara ya kwanza hakufunguliwa mlango. Sijui kilichotokea mara zilizofuata. Najua tu kwamba siku moja alirudi na maharage mabichi kwenye kitenge, akayaweka mezani, akayatazama.

Magoti yakamshinda, akaacha kazi, akahamia Buhinyuza kwenye shamba la mumewe. Tulipigiana simu, kisha tukapunguza, kama watu wanavyopunguza.

Mwaka jana nilikwenda Muyinga kwenye harusi ya binamu yangu. Kesho yake nikachukua pikipiki hadi Buhinyuza. Njia nzima nilikuwa napanga jinsi nitakavyomwulizia. Nikamuuliza mwenye duka, "Mama mmoja mrefu, alikuwa mhariri wa redio Gitega, anakaa wapi?" Hakuna aliyemjua mhariri. Nikasema anaongea Kiswahili cha Tanzania. Wakacheka. Huku, wakaniambia, sote tunaongea hicho hicho. Hatimaye mama mmoja akauliza, "Mrefu, anatembelea fimbo? Si yule anayegawa marando ya kupandia viazi vitamu?"

Ndiye. Nilimkuta ameketi uani na jirani yake, wanaambua maharage. Alikuwa amekonda, na alinitazama kwanza kama mtu anayetazama jua, mkono kwenye paji. Kisha akasema, "Binti, umenenepa. Vizuri." Nikapiga magoti nikamshika mikono. Hakuniachia upesi.

Tukaulizana habari. Nikaanza kumsimulia jirani kwamba huyu mama anayemwona hapa, kule Gitega watu wamepatana na ndugu zao kwa sababu yake, kwamba mpaka leo tunatumia alama zake. Mhariri akanifinya mkono, kwa nguvu, kwa kucha.

"Acha," akasema polepole, nisikie mimi tu. "Hapa ninajulikana kwa viazi. Ninapumzika."

Nikaacha. Jirani alikuwa ametutazama sote wawili, hajaelewa kitu. Akamwuliza, "Huyu mgeni ni nani wako?"

Mhariri akafikiri. Niliona anatafuta, yeye ambaye maisha yake yote aliwaandikia watu ni nani wa nani.

"Ni wangu," akasema.

Jirani akaridhika. Akasogea, akanipa nafasi kwenye mkeka, akanisukumia fungu la maharage. Nikavua viatu, nikakaa, nikaanza kuambua.